Kila Lenzi na Umbali Wake: Utangulizi wa Picha za Karibu kwa Simu

Huenda umefika hapa kwa njia iliyowafikisha wengi wa wanafunzi wangu. Umemwona nyuki ndani ya ua la boga, ukatoa simu mfukoni, ukasogea, ukasogea tena, na ulipofika karibu kabisa, pale ambapo nyuki angejaza kioo chote, picha ikageuka ukungu. Ukarudi nyuma. Picha ikatulia, lakini nyuki sasa akawa doa tu. Wengi hukata tamaa hapo na kusema simu yao ni mbovu. Simu yako ni nzima. Imekufundisha kanuni ya kwanza ya somo letu, nayo ni hii: kila lenzi ina umbali wake, na chochote kilicho ndani ya umbali huo lenzi haiwezi kukiona sawasawa. Nimeuandika utangulizi huu ili niifafanue kanuni hiyo polepole, kwa sababu mtu akishaielewa, mengine yote humjia kwa urahisi.

Tuanze na lenzi uliyozaliwa nayo. Inua kidole cha shahada mbele ya uso wako, mkono ukiwa umenyooka, uitazame mistari ya ngozi. Sasa kisogeze kidole taratibu kuelekea jichoni. Mistari inazidi kuonekana, inazidi, kisha ghafla inavurugika. Kwa kijana mwenye macho mazuri mvurugiko huo huja kidole kikiwa sentimita 10 hivi kutoka jichoni. Kwa mtu wa miaka 50 huja mapema zaidi, ndiyo maana babu hulisogeza gazeti mbali hadi mkono unamwishia. Kisha babu anavaa miwani ya kusomea, analirudisha gazeti karibu, na herufi zinatulia. Likumbuke tukio hilo la babu na miwani yake, maana tutalirudia. Sehemu kubwa ya ufundi huu imo mle.

Lenzi ni nini hasa? Ni kipande cha kioo au plastiki angavu kilichochongwa kwa mviringo. Ile inayotuhusu inaitwa lenzi mbinuko, yaani iliyo nene katikati na nyembamba pembeni, kama dengu. Mwanga ukitoka hewani na kuingia kwenye kioo hupunguza kasi, na ukiingia kwa mshazari hupinda njia. Kwa kuwa uso wa lenzi umeviringika, miale ya pembeni hupinda zaidi kuliko ile ya katikati, hivyo yote huelekea kukutana upande wa pili. Miale inayotoka mbali sana, kwa mfano kwenye mti ulio ng'ambo ya bonde, hufika kwenye lenzi ikiwa sambamba, na mahali inapokutana baada ya kupita huitwa fokasi. Umbali kutoka kwenye lenzi hadi hapo ni urefu wa fokasi. Namba hiyo moja ndiyo tabia ya lenzi. Lenzi iliyobinuka sana hupinda mwanga kwa nguvu na ina urefu mfupi wa fokasi. Iliyobinuka kidogo ina urefu mrefu.

Ninakuomba usiniamini kwa maneno tu. Chukua lenzi yoyote mbinuko, hata miwani ya kusomea ya mtu wa nyumbani, usimame ndani ya chumba, mbali na dirisha, mchana. Ielekeze dirishani na uweke karatasi nyeupe nyuma yake. Isogeze karatasi mbele na nyuma. Kuna mahali pamoja ambapo utaona mti wa nje, au paa la jirani, umechorwa kwenye karatasi kwa rangi zake zote, juu chini. Mchoro huo wa mwanga huitwa taswira. Pima kwa rula kutoka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi: umeupata urefu wa fokasi. Nimelifanya zoezi hili na watoto wa darasa la 5 na watu wazima wenye shahada, na sijawahi kuona mtu asiyetabasamu taswira inapotokea. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Kairo miaka elfu moja iliyopita, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya mwanga kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na alisisitiza kwamba hoja kama hizo zithibitishwe kwa majaribio. Wewe na karatasi yako mmo katika njia hiyo hiyo.

Ndani ya simu, mahali pa karatasi pamewekwa kihisi, yaani kibamba kidogo cha elektroniki kinachopokea taswira na kuigeuza kuwa nukta za rangi. Kila nukta huitwa pikseli. Picha ya megapikseli 12 ina takriban pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu. Kihisi chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Katika mifano yangu nitachukua upana wa milimita 7, na urefu wa fokasi wa lenzi kuu milimita 5. Simu yako inaweza kutofautiana kidogo na namba hizi, lakini hoja haitabadilika.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kitu kikiwa mbali, taswira yake huangukia palepale kwenye fokasi. Kikisogea karibu, taswira hurudi nyuma zaidi, kwa hiyo lenzi lazima isogezwe mbele kuacha nafasi. Kazi hiyo hufanywa na mota ndogo yenye koili na sumaku, nayo ndiyo hutoa mtikisiko mdogo unaouona kwenye kioo simu inapojirekebisha. Ili kumwona nyuki kutoka sentimita 10, lenzi yetu ya milimita 5 inahitaji kusogea robo ya milimita tu, unene wa karatasi tatu hivi za daftari. Ukitaka kumwona kutoka sentimita 2, inahitaji kusogea zaidi ya milimita moja na nusu. Unaweza kusema tofauti hiyo ni ndogo, lakini ni zaidi ya mara 6, na ndani ya simu nyembamba hiyo nafasi haipo. Mota inafika mwisho wa njia yake na kusimama. Ukungu uliouona ulitokea pale.

Sasa utaelewa kwa nini simu nyingi za miaka ya karibuni, ukisogea sana, hubadilisha kamera zenyewe bila kukuuliza na kuonyesha alama ya ua kwenye kioo. Zinahamia kwenye kamera ya pembe pana, ile inayopiga picha za mandhari kubwa. Inashangaza kwa mara ya kwanza: kwa nini lenzi ya mandhari ndiyo imwone sisimizi? Kwa sababu urefu wake wa fokasi ni mfupi mno, tuseme milimita 2. Lenzi ya namna hiyo, ili ione vizuri kwa umbali wa sentimita 2, inasogea robo ya milimita na kidogo pungufu, yaani safari ile ile ambayo mota inaimudu. Simu nyingine za bei nafuu hufuata njia tofauti: huwekewa kamera ya tatu ya megapikseli 2, ambayo lenzi yake haisogei kabisa na imewekwa tayari kwa umbali wa sentimita 4 hivi. Wenye simu hizi huilaumu sana kamera hiyo, na ni kweli kwamba pikseli zake ni chache, lakini wengi huitumia kwa umbali usio wake. Weka rula kando ya kitu, usimame kwenye sentimita 4 kamili, mwanga ukiwa mzuri, kisha uihukumu upya.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na hapa babu anarudi. Unanunua lenzi ndogo ya kibanio na kuibana mbele ya kamera kuu. Unaivalisha simu miwani ya kusomea. Ukiweka kitu kwenye fokasi ya lenzi hiyo ya nje, miale inayotoka kwenye kitu hutoka upande wa pili ikiwa sambamba, sawasawa na miale inayotoka kwenye mlima wa mbali. Simu inaamini inatazama Kilimanjaro, kumbe ni mguu wa siafu. Haihitaji kujikaza, mota imekaa mahali pake pa kawaida, na taswira inakuwa kali.

Nguvu ya miwani hupimwa kwa dayopta. Gawanya 1,000 kwa urefu wa fokasi katika milimita, umepata dayopta. Miwani ya babu yenye maandishi +2 ina urefu wa milimita 500. Lenzi ya kibanio yenye urefu wa milimita 25 ina dayopta 40, yaani ina nguvu ya miwani 20 za babu zilizopangwa pamoja. Na ule urefu wa milimita 25 ndio umbali ambao kitu kitakaa kutoka kwenye lenzi. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote: wanabana lenzi, wanasimama mbali kama walivyozoea, wanaona ukungu mtupu, na wanairudisha dukani. Lenzi ile haina nafasi ya kuchagua. Ina umbali mmoja na kiasi kidogo tu mbele na nyuma yake. Mwili wako ndio unaopaswa kwenda huko.

Vipi kuhusu maandishi ya “mara 10” au “mara 100” kwenye boksi? Wauzaji wengi hupata namba hiyo kwa kugawanya milimita 250, umbali wa kawaida wa kusomea, kwa urefu wa fokasi. Kwa hiyo “mara 10” ni lenzi ya milimita 25, na inahusu jicho lako ukiishika lenzi mkononi. Kwenye simu ukuzaji, yaani ukubwa wa taswira ukilinganishwa na ukubwa wa kitu chenyewe, huhesabiwa hivi: urefu wa fokasi wa lenzi ya simu, ugawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya nje. Milimita 5 kwa 25 ni moja ya tano. Kihisi cha milimita 7 kitaonyesha eneo la upana wa milimita 35. Linganisha na simu tupu kwa sentimita 10, ambayo huonyesha upana wa sentimita 13. Nyuki wa milimita 13 aliyekuwa sehemu ya kumi ya picha sasa anachukua zaidi ya theluthi yake. Kanuni hii ndogo ina zawadi ndani yake: ikiwa simu yako ina kamera ya pili ya kuvuta mbali, urefu wake wa fokasi ni mkubwa zaidi, basi bana lenzi mbele ya hiyo. Ukuzaji utapanda huku umbali wako kutoka kwa mdudu ukibaki ule ule.

Ukienda dukani, basi, achana na namba za boksi. Isimamishe lenzi dirishani, upate taswira kwenye kiganja au karatasi, ukadirie urefu wa fokasi. Kisha itazame taswira yenyewe: pembeni kuna ukingo wa zambarau au kijani? Hiyo ni dalili ya lenzi ambayo haijasahihishwa rangi. Mistari ya nondo za dirisha imepinda kama upinde? Fahamu kwamba picha zako nazo zitapinda pembeni. Binafsi ningenunua lenzi moja ya kioo, ya wastani, kuliko mkebe wa lenzi saba za plastiki.

Najua una swali: kwa nini nisivute tu kwa vidole viwili? Kwa sababu vidole haviongezi habari. Vinachukua pikseli zilizopo na kuzitandaza. Tumtazame kiwavi mwenye kichwa cha milimita 3. Simu tupu kwa sentimita 10 inakipa kichwa hicho pikseli 90 kwa upana. Lenzi ya milimita 25 inakipa pikseli 340. Zile 250 za nyongeza ni vinyweleo, mistari na madoa ambayo kuvuta kwa vidole hakuwezi kuyabuni.

Kuna mtu wa karne ya 17 ambaye ningependa umjue. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi. Wauza vitambaa wa zama zile walitumia lenzi kuhesabu nyuzi na kupima ubora wa mfumo. Yeye alianza kujitengenezea lenzi zake, vijishanga vya kioo alivyovibana kati ya vibati viwili vya madini, na katika miaka ya 1670 aliona ndani ya tone la maji viumbe ambavyo hakuna aliyekuwa ameviandika kabla. Hadubini yake ilikuwa na lenzi moja tu. Simu yako na kibanio chake ni ndugu wa karibu wa chombo kile, na mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba ukiigeuza lenzi ya simu moja kinyumenyume na kuiweka mbele ya kamera ya simu nyingine unapata ukuzaji wa moja kwa moja: kitu cha milimita moja hutoa taswira ya milimita moja kwenye kihisi. Kanuni uliyoisoma hapo juu inakwambia kwa nini: 5 kwa 5 ni 1.

Tugeuke sasa kwenye gharama ya kukuza, maana kila unachokikuza huja na mzigo wake. Mzigo wa kwanza ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana kali kutoka mbele hadi nyuma. Ukipiga picha ya watu uwanjani, kina hicho ni mita nyingi. Kwa lenzi ya milimita 25 huenda kisifike hata milimita moja. Jicho la panzi litakuwa kali na mguu wake wa nyuma utakuwa moshi. Usipigane na jambo hili, lipangie. Kama kitu ni bapa, kama jani au bawa, kiweke sambamba na mgongo wa simu ili chote kilale ndani ya ule unene mdogo. Kama kina uso, chagua jicho na uache mengine yafifie. Bonyeza kioo kwa muda ili kufunga fokasi, kisha uiyumbishe simu nzima taratibu mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Katika picha 20 mtapatikana 2 nzuri, na hiyo ni kazi ya kawaida ya fani hii, hata kwa waliobobea.

Mtikisiko nao hukuzwa pamoja na kitu. Egemeza viwiko magotini. Jaza mfuko mdogo kwa maharage na ulaze simu juu yake. Tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiisukume simu wakati wa kupiga. Ua likiyumba kwa upepo, chomeka kijiti ardhini na ulishike shina kwa kibanio cha nguo. Wadudu, ambao miili yao hupata joto kutoka nje, huwa wazito asubuhi kabla jua halijawaka. Anayeamka mapema huwapata wametulia na umande juu ya mbawa.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Ukiwa milimita 25 kutoka kwenye kitu, simu yako yenyewe ni paa linalotia kivuli, kwa hiyo mwanga uje kutoka ubavuni. Flashi ya simu huzuiwa na kibanio na kuacha nusu ya kitu gizani, hivyo izime. Jua kali la saa sita hutoa madoa meupe kwenye kila kilicho laini. Lichuje kwa kipande cha chandarua cheupe kilichokunjwa mara tatu, na upande wa kivuli usimamishe karatasi nyeupe irudishe mwanga.

Kwa siku ya kwanza, anza na sarafu. Haikimbii, ni bapa, na simba wa shilingi 200 ya Tanzania watakufundisha jinsi mwanga wa ubavuni unavyoinua umbo. Siku ya pili chukua punje ya karafuu jikoni. Watu wengi wameila maisha yao yote bila kujua kwamba ni ua ambalo halikupata kuchanua. Itazame: meno manne yamekizunguka kichwa cha mviringo, na kichwa hicho ni petali zilizofumbana. Kipasue kwa ukucha na ndani utazikuta stameni, nyuzi nyingi zinazobeba chavua, zikiwa zimejikunja.

Siku ya tatu nenda shambani, kwenye mahindi machanga yenye majani yaliyotobolewa. Viwavijeshi vamizi, waliotoka mabara ya Amerika, waliripotiwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa Kenya na Tanzania. Wana ndugu na majirani wanaofanana nao, na mkulima anayehitaji kujua ana nani shambani hawezi kutegemea rangi ya mwili, kwa sababu hubadilika kutoka kijani hadi kahawia. Alama za kutegemea ni mbili, na zote ni ndogo. Mtazame kiwavi ukianzia kichwani: usoni kuna mistari ya rangi hafifu inayofanya herufi Y iliyopinduliwa. Kisha sogea nyuma, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, utafute madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mlaze kiwavi kwenye jani lililo bapa, weka rula kando yake ili afisa ugani atakayepokea picha ajue ukubwa, na upige mara mbili: kichwa peke yake, mkia peke yake, kila kimoja kikiwa kwenye umbali wa lenzi yako.